Sauti ya Mwanamwema

Kiwanda cha kamba kilipofungwa, Sabiri alikwenda Maskati kutafuta kazi. Mkewe, Mwanamwema, akabaki Nguvumali na hamu yake. Anapika maandazi, anauza, anafua, lakini moyo hauko. Na hamu ya mume, jamani, usiombe ikukute.

Miaka hiyo biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, redio za kanda zimejaa mjini. Watu wakapunguza barua, wakawa wanatumiana sauti. Abass alikuwa na duka la kurekodi kanda kule Makorora. Mwanamwema akaenda, akakaa chumba cha nyuma, Abass na mashine yake nyuma ya pazia, akazungumza na mumewe kwenye kanda. Akamwambia analala na shati lake. Mwishoni akamwimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Kanda ikapelekwa Maskati na jamaa aliyekuwa akisafiri.

Siku moja Mwanamwema alipita Makorora kununua unga. Akasikia spika ya Abass inaimba, na sauti ni yake. Watu wamesimama wanasikiliza, wengine wanacheka. Kumbe Abass alijiwekea nakala, maana ilivuta wateja.

Kesho yake bombani wanawake wakamuuliza kama lile shati huwa analifua. Alitamani ardhi ipasuke aingie. Alilia, wala si kwa aibu tu. Yale maneno alimwekea mtu mmoja, na mtu huyo yuko mbali. Sasa kila mtu anayo.

Jirani yake, Praxeda, alikuwa akifundisha watu wazima kusoma. Mwanamwema akamweleza yote huku akijilaumu, kwani alikwenda kurekodi kwa miguu yake.

"Ulimruhusu nini Abass?" Praxeda akauliza.

"Anirekodie kanda ya Sabiri."

"Basi ruhusa yako iliishia hapo. Kuipiga dukani ni jambo jingine, alipaswa akuulize kwanza. Sauti yako ni yako, na picha yako, na habari za nyumba yako. Ukimpa mtu kwa kazi moja, hujampa kwa kazi zote. Una haki ya kumkatalia, mdogo wangu. Nitakusindikiza, lakini useme mwenyewe."

Wakaenda. Abass akaanza kumsifu, eti sauti nzuri namna ile kuificha ni dhambi. Mwanamwema, mpole yule, siku hiyo hakumung'unya maneno.

"Abass, sikukuruhusu. Futa."

Abass akanywea. Akafuta mbele yao, akaomba radhi. Lakini nakala mbili alikwisha kuziuza Pongwe, na hizo hazikupatikana tena. Ndiyo maana ruhusa huombwa kabla. Abass akamuuliza kama angekubali kurekodi upya wimbo tu, bila yale mazungumzo, naye amlipe. Mwanamwema akafikiri, akasema hapana. Abass akakubali. Tangu hapo kila anayekuja kurekodi humuuliza kwanza kama nakala ibaki au ifutwe.

Mwanamwema akaazima redio ya kanda ya Praxeda, akajifungia chumbani kwake. Safari hii hakukuwa na mtu nyuma ya pazia. Akamwambia Sabiri neno lililomkwama kooni kule dukani. Neno hilo ameniruhusu nikwambie: arudi, hata akiwa mikono mitupu.

Kabla ya Ramadhani kanda ya majibu ikafika. Wanawake wa bombani wakamzunguka, wanataka kusikia. Mwanamwema akacheka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sabiri alijibu nini? Hilo hakuniruhusu kulisema. Ila kesho yake nilimwona anapaka chokaa chumba chao.