Kipande cha Mkuki

Ejore alikuwa mwalimu Lodwar, na fundi wa kujifurahisha. Jioni alichonga ekicholong, kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana, na usiku hukifanya mto wa kichwa. Lakini tangu aione mashine ya kukereza chuma ya Kasongo, Mkongo wa Kakuma, mti ulimchosha. Kila Jumamosi, Kakuma. Mkewe Akuei alimtania kwamba ameoa mke wa pili, mwenye mota.

Jumamosi moja jioni alifika kwa Kasongo na kipande cha chuma ndani ya shuka. Alitaka kukereza pete.

Chuma kikazunguka. Kisu kikauma. Chenga za chuma zikaanguka...

Kasongo akaziokota. Chuma kinapokatwa, chenga huunguza vidole. Hizi zilikuwa baridi. Kisha ikaja harufu ya tumbaku ya kutafuna, na humo ndani hakuna aliyekuwa akitafuna.

"Papa Ejore," alinong'ona, "hii chuma ni ya nani?"

"Ya mkuki wa baba. Alishakufa."

"Alikuachia wewe?"

Ejore aliitambua ile harufu: baba alitafuna tumbaku hadi siku ya kufa. Mkuki wa baba ni wa kifungua mimba, naye alikuwa kaka yake Erupe, mfugaji wa Namoruputh. Erupe akiwa malishoni, Ejore aliukata chuma cha chini, akajiambia kipande kidogo tu hakina neno. Tamaa ya mashine ilikuwa imempofusha.

Chenga moja ikaruka, ikazama kwenye kidole gumba cha Ejore.

Simu ikalia. Erupe.

"Baba yuko hapa," alisema taratibu. "Amekalia ekicholong yake. Anasema rudisha yote."

Nyuma ya sauti yake, mtu akatema mate...

Ejore alifagia kila chenga aliyoiona, akazifunga shukani pamoja na kile kipande. Kesho yake jioni alikuwa Namoruputh. Erupe akamwaga vyote juu ya ngozi ya mbuzi, akakitegea sikio kigoda kitupu kilichokuwa kando yake.

"Anasema bado kipande kimoja."

Ejore akatazama kidole gumba. Kidonda kilikuwa kimefunga. Akapapasa mkono. Kile kipande kilikuwa kimeshapita kiwiko.

Baridi.

Kinapanda.

"Ndugu yangu, mwambie nitaenda hospitali wakitoe. Nitamletea."

Erupe akasikiliza. Alipoinua uso, alikuwa analia.

"Anasema usijisumbue. Atachukua mwenyewe."

Kigoda kikayumba, kikatulia. Aliyekikalia alikuwa ameinuka.