Jua la Saa Nne Usiku

"Shoga, hivi huko aliko mumeo, saa nne usiku jua linawaka?"

Mama Pacha alimuuliza hivyo jirani yake mshonaji, mwezi wa kwanza tu tangu mume aondoke, kidole kikiwa juu ya simu. Pichani mume amesimama barabarani, jua limemjaa usoni. Chini imeandikwa: saa nne usiku.

Mshonaji akampigia mumewe, fundi wa mashine za hospitali aliyekwenda masomoni ng'ambo.

"Mke wangu, huku ni mchana," mume akacheka. "Simu sijaibadilisha saa, wala sitaibadilisha. Nataka niishi kwa saa zako."

Maneno yakamwingia kama asali. Basi miezi sita akawa mwalimu wa saa. Leo anamfundisha Mama Pacha, kesho wifi, keshokutwa mama mkwe, na kila mmoja anasahau kabla chai haijapoa.

"Kwake mchana, kwetu usiku. Simu yake inafuata saa za kwetu," alirudia hadi koo likamkauka.

"Mh. Haya," wakaguna.

Alhamisi moja ukaingia ujumbe: "Safari ya kurudi imeahirishwa hadi Jumapili. Huku usiku, ndo najilaza. Nakuwaza." Na picha: yuko kitandani, dirishani giza totoro.

Mshonaji akaitazama sana. Akazima cherehani, akaenda kusali.

Jumapili asubuhi mume akaingia na sanduku. Mama yake alikuwa sebuleni akimsubiri.

"Karibu, mume wangu. Simu yako bado inaishi kwa saa zangu?"

"Sijaigusa hata mara moja. Mama, umeona mtu anavyopenda?"

"Hebu itazame picha ya Alhamisi. Umepiga saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

"Na ile ya jua, ya mwezi wa kwanza?"

Mume akatafuta, akakawia. "Saa nne usiku."

"Saa ileile, simu ileile. Hili giza limetoka wapi?"

Tabasamu likamganda. "Aa, si nilikwambia? Kule baridi ikiingia wanarudisha saa nyuma. Ndiyo inavuruga mambo."

"Wanarudisha saa moja. Umenifundisha mwenyewe. Saa moja inazimaje jua la mchana kweupe?"

"Basi itakuwa picha ya zamani."

"Tarehe ya Alhamisi hiyo hapo, na imenifikia dakika ileile uliyoipiga. Baba wee, nimechoka. Miezi sita nakutetea, majirani wananiona nimerukwa na akili, kumbe natetea debe tupu. Hilo giza ni la kwetu. Alhamisi ulikuwa umesharudi. Ulilala kwa nani?"

Mume akamgeukia mama yake. "Mama, hebu mwambie. Mambo ya simu haya hayajui."

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi hizo saa zilinishinda. Mkeo kanifundisha hadi kakata tamaa. Leo ndiyo zimeniingia. Jibu ulichoulizwa."

Mume akairudisha simu mfukoni.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," mkewe akasema taratibu. "Mungu anakuona, na mama yako anakuona. Kwa nani?"

Sanduku lilikuwa bado mlangoni, halijafunguliwa. Mume akalitazama, akawatazama wanawake wawili waliokuwa wakimngoja. Akalishika mpini, akatoka.