Kitufe cha Akash

Siku ya kwanza Euphrasia aliingia dukani kwa Akash ameziba masikio. Spika iliyosimamishwa mlangoni ilikuwa ndefu kumzidi, nayo ilitingisha nusu ya Kariakoo.

"Kaka, punguza! Utawafanya watu viziwi!"

"Nikipunguza, dada, wateja watajuaje nauza spika?"

"Na wakiwa viziwi utamuuzia nani?"

Akash alimtazama binti yule, gauni la kitenge cha njano, macho makali, akazima kabisa. Muuza ndoo wa jirani alitoka nje kuangalia kama umeme umekatika. Mapenzi yakaanzia hapo.

Euphrasia alikuwa akipima usikivu katika kliniki moja ya Upanga. Baadaye alikubaliwa kusomea uzamili wa audiolojia katika vyuo viwili: kimoja India, kingine Afrika Kusini. Cha India kilikuwa na jina kubwa. Cha Afrika Kusini kilifundisha kupima watoto wachanga, na moyo wake ulikuwa huko, maana alichoka kuletewa watoto wakubwa walioitwa wakaidi nyumbani, kumbe hawasikii.

"Chagua unachopenda, mpenzi," Akash alisema. "Mimi nakuunga mkono."

Jioni moja simu ya video ikaita kutoka India. Alikuwa mama wa makamo, sari ya zambarau, Kiswahili chake bado cha Wahindi wa Kisutu, Dar.

"Mimi shangazi yake Akash. Chumba chako tayari, mwanangu. Ila nyama humu ndani haiingii."

"Shikamoo, shangazi. Chumba gani?"

"Marahaba. Kwani hajakuambia?"

Euphrasia, mtoto wa Kibosho, alikata simu kwa adabu, kisha akampigia Akash bila adabu.

"Umenichagulia chuo?"

"Nimekutafutia usalama tu, mamii. Kule kuna ndugu zangu."

"Umenitafutia walinzi! Na kunde miaka miwili!"

"Dengu," Akash akamsahihisha. "Siyo kunde."

Wiki nzima Euphrasia hakupokea simu yake. Akash akaona isiwe tabu, akaenda kliniki na kupanga foleni kama mgonjwa.

"Unasumbuliwa na nini?" Euphrasia aliuliza, uso mkavu.

"Sisikii nikiambiwa."

Alimfungia kwenye kibanda cha kioo, akamvika hedifoni, akampa kitufe. "Ukisikia mlio, bonyeza. Usiposikia, tulia."

Taa ya kitufe mezani kwa Euphrasia ikawaka. Ikawaka tena.

"Akash, sijatuma mlio wowote!"

"Naogopa kukosea, ukasirike tena."

"Ndiyo ugonjwa wako huo. Hata ile 'nakuunga mkono' ulibonyeza tu. Leo bonyeza ukweli." Akasogeza kipaza sauti. "Unataka niende India?"

Taa ikawaka.

"Unaogopa nitakusahau?"

Ikawaka haraka zaidi. Hasira za Euphrasia zikaanza kuyeyuka, lakini hakutaka huruma imponze.

"Nimechagua Afrika Kusini. Unanikubalia kwa moyo?"

Taa haikuwaka. Nyuma ya kioo Akash aliinamisha kichwa. Euphrasia aliumia, akasubiri, hakumsaidia. Hatimaye taa ikawaka, na safari hii haikuzimika.

"Hiyo ya kweli?"

"Inauma. Lakini ya kweli."

Euphrasia akakisogelea kioo. "Na nikirudi, uta..."

Taa ikawaka.

"Sijamaliza swali!"

"Maliza taratibu, mpenzi. Kidole kipo."

"Kwetu posa haiji bila mbuzi, Akash. Na wewe hata mchuzi wake huugusi."

"Nitampeleka mbuzi Kibosho mwenyewe, hata akinikojolea garini," alisema Akash. "Mle nyinyi. Mimi mnipikie dengu."