Aliyeingia kwa Jina la Rahma

Kila Ijumaa alasiri, Rahma aliporudi kazini, alikuta kiti cha kompyuta kina joto, na chumba kinanukia udi ambao hakuna aliyeufukiza.

Ofisi ya ushirika wa karafuu pale Mtambile ilikuwa na kompyuta moja na makarani wawili, yeye na Thuraiya, kila mtu na jina lake la kuingilia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, watu wa vyama viwili hawazikani, lakini hawa, kila mmoja na chama chake, walikula sahani moja. Paka wa nyumba haingwa. Thuraiya aliingia mpaka chumbani kwa Rahma.

Asubuhi moja Rahma, akishuku kuna mtu anaichezea kompyuta, akafungua kumbukumbu za walioingia. Akaona jina lake, la Thuraiya, na la tatu: Rahma wa Mize. Huyo aliingia kila Ijumaa, ofisi imefungwa, watu wako msikitini.

Ofisini mtu huitwa kwa baba yake. Jina la mama hupewa mganga anapopiga ramli. Rahma alimtaja mama yake, Mize, kwa mganga mara moja tu, alipokuwa akihangaikia mimba hii aliyonayo, na aliyemsindikiza ni Thuraiya.

Alipoitwa, Thuraiya hakukana. Alinong'ona kwamba jini la babu yake, lililolinda mashamba yao ya zamani, limerudi kudai haki yake, na limemkalia mwanawe Maher kifuani hata hali wala hanywi.

"Lataka mtoto, shoga. Mie n'na mmoja tu. N'kalifungulia mlango humu kwa jina lako."

"Lifute jina hilo."

"Nalifuta, larudi."

Uchungu wa kusalitiwa ulimzidi Rahma kuliko hofu. Akauliza neno la siri ni lipi. Thuraiya akainamisha uso.

"Jina la mwanao. Lile uliloniambia mie peke yangu."

Hapo harufu ya udi ikapanda hadi ikawakaba, na vibonye vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja kimoja, taratibu, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake, mchana kweupe, mbele ya wanawake wawili waliosimama mbali na meza, mpaka kioo kikafunguka na kuandika kwamba Rahma wa Mize ameingia.

Rahma akashika tumbo. Mtoto aliyekuwa akicheza tangu alfajiri alikuwa kimya.

Simu ya Thuraiya ikalia. Walipiga kutoka kwao: Maher ameinuka, anaomba uji.

"Alhamdulillahi," akasema Thuraiya, mbele ya Rahma.