Chemchemi Tuliyoificha

Kila asubuhi mimi na mama mkwe wangu, Nandasara, tulishuka bondeni kuteka maji. Chemchemi yetu iko chini ya mwamba, na ndani yake anakaa nyoka anayeyamiliki maji hayo. Tunampelekea maziwa na mchele. Mgeni haonyeshwi pale. Akiyachafua maji, nyoka atahama, na maji yatamfuata. Mama mkwe alifundishwa hivyo na mama yake, naye akanifundisha mimi.

Basi wapimaji walipokuja na madaftari yao, wakauliza, "Mnateka maji wapi?" Mama mkwe akawaonyesha bomba la uani. Bomba lenyewe halijatoa tone tangu nilipoolewa.

"Wamekunywa chai, wameondoka," akaniambia, ameridhika kabisa. Tukacheka. Leo sicheki.

Miezi miwili baadaye alikuja jirani yetu Lokendra, karani wa ofisi ya kata. Alishika karatasi, na uso umemshuka.

"Mama, hii ni tathmini ya mradi wa umeme. Kabla serikali haijatoa kibali, lazima ijue mradi utadhuru nini: mto, msitu, mashamba, maisha ya watu. Hapa wameandika kwamba kijiji chetu hakina chemchemi."

"Vizuri. Ndivyo nilivyowaambia."

"Handaki la kupeleka maji ya mto kwenye mitambo litapita chini ya ule mwamba, Mama. Mlima ukitobolewa, maji hupotelea ndani. Nimefanya kazi ya mahandaki, nimeyaona."

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Basi walipitishe kwingine."

"Kwa sababu gani? Kwenye karatasi hakuna chemchemi."

"We Lokendra, nimekufuta kamasi mimi. Leo unanifundisha habari za maji?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Keshokutwa kuna mkutano wa kupokea maoni. Si lazima ujue kusoma. Unasema, wanaandika, halafu unadai wakusomee ulichosema. Baada ya siku hiyo hawapokei tena."

Siku mbili mama mkwe alikula kidogo sana. Mkutanoni alisimama mbele ya wanaume wote. "Niliwadanganya. Chemchemi ipo. Njooni muipime." Wakaandika, wakamsomea.

Kesho yake aliwapeleka mwenyewe. Aliwaambia wote wavue viatu, hata mhandisi. Tuliporudi alilia njia nzima.

Handaki lilisogezwa. Maji yetu yapo, na hupimwa kila mwezi.

Lakini lilisogezwa ng'ambo ya kilima, anakokaa Jaimaya, mdogo wake mama mkwe. Wapimaji walikwenda huko pia, wakauliza maji yanatoka wapi. Jaimaya naye aliwaonyesha bomba. Wamelelewa na mama mmoja wale. Sisi tulikuwa tunashukuru kupona, hakuna aliyekumbuka kumpelekea habari.

Handaki lilipochimbwa, chemchemi yake ilikauka. Sasa Jaimaya huvuka kilima kila siku na mtungi wake. Siku ya kwanza aliuliza, "Dada, kumbe ulijua?" Mama mkwe aliuchukua mtungi, akamtekea.

Mwaka huu wamekuja wapimaji wa barabara. Mama mkwe hakungoja waulize. Alivaa viatu, akawatangulia hadi ng'ambo ya kilima, akawaonyesha kwanza shimo kavu la chemchemi ya mdogo wake.