Matundu Chini ya Kopo

Mama yake fundi bati alionja maharage vijiko viwili, akasukuma sahani katikati ya meza. Ilikuwa siku ya tano mfululizo.

Tatizo lilikuwa chumvi. Mama alikuwa na presha. Daktari alimwambia ameze vidonge kila siku na apunguze chumvi sana. Vidonge alivimeza bila neno, lakini chakula kisicho na chumvi kilimshinda. Kila alichopika mkwewe, mke wa fundi, mama alikiita maji ya kuoshea vyombo. Mwezi ulipoisha, nguo zilikuwa zinampwaya. Siku moja mkwe alimkuta amefunga chumvi kwenye kona ya kitambaa cha mkononi. Mama alisema ni ya kusukutulia jino. Jino lenyewe lilikuwa limeng'olewa mwaka juzi.

Nesi wa kliniki aliwaambia ukweli bila kuzunguka. Mama akiendelea na chumvi, presha inaweza kumpoozesha. Asipokula, atadhoofika.

"Mtafutieni ladha nyingine," alisema. "Limau, kitunguu saumu, tangawizi. Majani ya viungo pia, kama rihani, mnanaa na giligilani. Hata dirishani yanaota."

Njiani mkwe aliuliza wataotesha wapi, na wao wanakaa ghorofa ya tatu, hawana hata ukucha wa udongo. Fundi alimwambia asihangaike. Kama shida ni chombo, amefika.

Mtaa mzima ulimjua fundi kwa jambo moja: chombo chake hakivuji. Alikata bati jipya, akatengeneza makopo matatu. Alikunja kila mshono mara mbili na kuugonga mpaka ukalala. Kisha akayajaza maji na kuyaacha juu ya meza ya kazi tangu asubuhi. Jioni alipitisha kiganja chini ya kila kopo. Kilitoka kikavu, na fundi akaridhika.

Alichota udongo nyuma ya jengo, karibu na karo la maji machafu. Alinunua miche, akaipanda, akayapanga makopo pembeni mwa jiko, mahali pasipo na mtu wa kuyagonga. Basi kila mtu akawa mtunzaji. Fundi alimwagilia kabla ya kwenda kazini. Mke wake alimwagilia akimaliza kuosha vyombo. Mama naye alimimina humo maji ya kunywa yaliyobaki kwenye glasi yake. Kila mmoja aliamini wenzake wamesahau.

Wiki ya pili majani yaligeuka manjano. Mashina yakawa meusi chini. Jiko likaanza kunuka mtaro.

"Hata majani yamekataa kuishi bila chumvi," mama alisema, akarudi kitandani. Siku hiyo alikunywa chai tu.

Mke wa fundi hakucheka. Alishuka hadi ghorofa ya chini kumwita jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Jirani alipanda na udongo wa kazini bado kwenye kucha. Alimwamkia mama, kisha akaingia jikoni. Alichomeka kidole kwenye kopo moja, akakinusa. Halafu akaliinua kopo na kulitazama chini.

"Fundi, matundu yako wapi?"

"Matundu ya nini?"

"Ya maji kutokea."

Fundi alitabasamu kama mtu aliyetukanwa kwa utani. "Dada, mimi natengeneza vyombo mwaka wa ishirini na mbili. Chombo changu hakijawahi kuvuja."

"Ndoo ndiyo isivuje. Mizizi inapumua, fundi. Udongo ukijaa maji, hewa inakosa pa kupita, mizizi inaoza. Mimea yako umeizamisha ikiwa imesimama."

Makosa mengine aliyataja moja moja. Udongo wa karibu na karo ni mchafu, haufai kwa kitu cha kuliwa. Atawaletea udongo mzuri kutoka kitalu, wauchanganye na mboji na mchanga kidogo ili usishikamane. Pembeni mwa jiko pana giza. Makopo yakae dirishani yapate jua saa tano au sita kwa siku, na yageuzwe kila baada ya siku chache, kwa sababu mmea huinamia upande wenye mwanga.

Fundi alisikiliza yote. Mwisho akasema watumie makopo ya plastiki, hayo ndiyo yatobolewe. Haya ya kwake atayatafutia kazi nyingine. Jirani alisema plastiki nayo inafaa, mradi iwe na matundu. Mke wa fundi alimkumbusha mumewe kwamba nyumbani hapakuwa na kopo lingine hata moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Baba, wewe unaona aibu ya tundu," alisema. "Mimi nasikia njaa."

Fundi akaenda kuchukua nyundo na msumari. Alipiga tundu la kwanza uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayechomwa sindano. Lilipofika la tano alikuwa anatazama. Alitoboa makopo yote matatu, kisha akakata visahani vya bati vya kuweka chini yake, maji yasilowanishe dirisha. Jirani alimwonya kwamba maji yakituama kwenye kisahani yamwagwe.

Ncha za rihani na mnanaa zilikuwa bado hai. Jirani alizikata, akaondoa majani ya chini, akazitumbukiza kwenye glasi mbili za maji. Alisema mizizi ikitoka wazipande, mnanaa peke yake kwa sababu huwafinya wenzake. Giligilani ilikuwa imekufa kabisa. Udongo wa kitalu ulipofika, walipanda mbegu zake moja kwa moja kwenye kopo, kwani haipendi kuhamishwa.

Ilibaki kazi ya kumwagilia. Jirani alisema awe mtu mmoja tu, na achomeke kidole kwanza. Udongo ukiwa mkavu juu, amwagilie. Ukiwa na unyevu, aache. Kazi hiyo aliichukua mama. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusogea dirishani na kikombe. Fundi alijaribu siku moja, akaambiwa akamwagilie mabati yake.

Wiki sita baadaye mama alichuma kwa mara ya kwanza. Alibana ncha tu, juu kidogo ya majani mawili yaliyokabiliana, ili shina litoe matawi. Mkwe alikatakata rihani na giligilani, akayatupia kwenye maharage yakiwa karibu kuepuliwa. Akakamulia limau.

Mama alionja. Akaonja tena. Halafu akaivuta sahani karibu, akala.

Mwezi uliofuata, kliniki, uzito wake ulikuwa umepanda na presha imeshuka. Nesi aliwakumbusha kwamba majani si dawa: vidonge viendelee, na chumvi ibaki kidogo vilevile.

Jioni hiyo mama alimaliza sahani yake, akauliza kama kuna kilichobaki. Mkwe alifunua sufuria. Ilikuwa tupu, fundi alikuwa ameshaongeza mara mbili.

Kesho yake mkwe alipochambua maharage, alizidisha kikombe kizima.