Kulungu Aliyesimama Palepale

Jumamosi ya punguzo la bei, duka la kamera la mtaa wa Colfax, Denver, lilifurika watu kama wanagawa bure. Marisela Archuleta, fundi wa kuezeka mapaa, alikuwa ameshika lenzi ndefu ya mwisho kabatini pale bwana mmoja mnene alipoing'ang'ania. Bwana huyo akamkanyaga mguu makusudi. Marisela akamtwanga kiwiko cha pua, damu ikatapakaa kwenye kioo cha kabati. Muuzaji, Corbin, kijana mrefu mwenye shati la buluu lililonyooshwa pasi, alijitia katikati kuamua ugomvi, akala ngumi isiyokuwa yake, mdomo ukapasuka.

Bwana yule alipotolewa nje, Corbin alijifuta damu akauliza dada anataka kupiga picha za nini.

"Kulungu madume. Wakipigana."

"Umeshawahi kupiga?"

"Si nimempiga yule sasa hivi?"

Corbin alicheka, mdomo ukamuuma. Alimweleza kwamba lenzi ile ni nzito na haivuti: ni milimita mia nne, basi. Anayeanza atamtafuta mnyama ndani yake mpaka mnyama aende zake. Akatoa nyingine, ya kuvuta, mia moja hadi mia nne. Ukizungusha pete unamleta karibu, ukiirudisha anakwenda mbali, na namba yake unaisoma humohumo unamochungulia. Marisela alimwambia yeye hupanda ngazi na mabunda mawili ya vigae begani, uzito haumtishi. Hata hivyo alikubali. Mimi nasema alikubalishwa na ule mdomo uliopasuka kwa ajili yake.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa asali. Kila alfajiri Corbin alimpigia simu kabla hajapanda paa, akimwita simba wangu wa juu. Jioni walikula mikate ya pilipili mbichi juu ya boneti ya pikapu ya Marisela, yeye bado na lami ya paa kwenye kucha.

Siku moja Marisela alipeleka chakula dukani, akamkuta Corbin anamwekea lenzi nzito ya aina ileile msichana mwembamba wa kucha za rangi, naye pia anaanza tu kupiga picha. Wanacheka. Marisela aliweka mfuko wa chakula kaunta akaondoka. Kwenye simu Corbin alimweleza kwamba yule anapiga picha kiota cha bundi akiwa dirishani kwake, lenzi ikikaa kwenye stendi, habebi kitu.

"Mwenye mikono kama vijiti umemwamini," Marisela alisema. "Mimi ukanipa ya watoto."

Haukuwa wivu wa mwanamke tu. Miaka tisa wanaume kazini walikuwa wakimpokonya mizigo ngazini, eti kumsaidia, na sasa ameongezeka huyu anayempenda. Ilimuuma sana.

Jumapili, mwisho wa Septemba, aliendesha peke yake hadi Estes Park, ambako msimu huo kulungu wakubwa kama farasi hushuka mjini kugombea majike mbele ya maduka. Alivuka kamba ya kuzuia watu kwenye uwanja wa gofu. Madume mawili yaligongana pembe, mifupa ikalia, moja likamtoboa mwenzake jicho na kumkimbiza. Lililoshinda likabaki linahema, pembe zikichuruzika damu. Simu ikamlilia kwenye visikilizi vya masikioni. Alipokea bila kuondoa kamera usoni.

"Dume limenigeukia," alimwambia Corbin. "Limesimama tu, linanitazama."

"Limejaa kwenye picha?"

"Kutoka pembe hadi kwato. Pete iko mia nne."

Corbin aliomba radhi. Alikiri alimwamulia badala ya kumwuliza. Marisela alisikiliza huku akibofya, moyo ukianza kulainika, ingawa hakumwambia. Corbin, ili Marisela asikate simu tu, akauliza pete iko namba ngapi sasa.

"Mia mbili hamsini."

"Na bado limejaa vilevile?"

"Vilevile. Si nimekwambia limesimama?"

Corbin aliinuka kitini. "Kama limesimama, mbona unarudisha pete? Linakuja, Marisela. Mkono wako unalirudisha nyuma, lenyewe linakuja. Shusha kamera."

"Umeanza. Unanitisha kama mtoto."

"Soma namba."

"Mia moja na ishi..."

Sikio la kufa halisikii dawa. Pembe iliingia pajani, ikamwinua, ikamtupa kwenye uzio. Dume likarudi kumkanyaga, kamera ikasagika chini ya kwato. Corbin alisikia pumzi za mnyama, akasikia mfupa, akasikia watu wakipiga kelele na honi za magari. Kisha simu ikanyamaza.

Aliendesha kama mwendawazimu. Hospitalini walimwambia mguu umevunjika mara mbili, umetiwa vyuma, na damu aliyoongezewa ni chupa sita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini atakayemwambia Marisela hivyo mbele yangu tutakosana.

Marisela alipofumbua macho, Corbin alikuwa analia waziwazi. "Lenzi nilikuchagulia mimi. Ile nzito isingekudanganya, dume lingefurika nje ya picha ukajua linakuja. Kosa ni langu."

"Usithubutu. Pete nimezungusha mwenyewe, umeniambia sikusikia. Uliniamulia lenzi, sasa unataka kuniamulia na kosa?"

Corbin alijifuta machozi. Halafu akauliza, "Unataka nini?"

"Kesho watanisimamisha. Kama una swali la kuniuliza, niulize nimesimama. Nikiwa nimelala utakuwa unanihurumia."

Asubuhi manesi wawili walimkamata kwapani. Alivaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nywele hazijachanwa. Mguu ulipogusa sakafu alitapika, bandeji ikalowa damu, jasho likamtiririka hadi shingoni. Nesi mmoja alitaka kumrudisha kitandani, akamkatalia kwa kichwa. Corbin alikuwa ameandaa maneno usiku kucha na yote akayasahau.

"Uliza haraka, mpenzi," Marisela alisema. "Naanguka."

Akauliza kama atakubali waoane. Marisela alisema ndiyo, akiwa bado amesimama.